Binamu yangu ni Marvel, mimi ni DC, na sasa hatuongei. Nani yuko sahihi?

"Shikamoo mtaalamu. Mimi ni timu DC, ile kampuni ya komiki (hadithi za michoro) na muvi za kina Superman, toka niko darasa la tano, binamu yangu ni wa kampuni pinzani, Marvel ya kina Thor, wa kufa mtu, na tunaishi nyumba moja. Kila siku tunabishana kwenye grupu letu la WhatsApp, mwezi uliopita kikanuka, akaniita shabiki wa takataka mbele ya watu na mimi nikamjibu vibaya, sasa hata salamu hakuna. Yeye anasema DC hawajawahi kutoa muvi ya maana na kwamba Superman kwa Thor hachomoi. Mimi nasema Marvel ni wezi: Thanos ni Darkseid, Deadpool ni Deathstroke, hadi jina la Captain Marvel wamemwibia Shazam, na muvi zao hazifuati komiki. Nisaidie hoja za kumaliza huu ubishi. Halafu kuna jamaa mtandaoni anauza komiki ya kwanza ya Superman ya 1938 kwa laki sita, anasema ni orijino. Nataka niwe na ushahidi mkononi, ninunue?"

Marahaba mdogo wangu, na pole kwa yaliyotokea. Hilo la komiki ya laki sita usitume hata mia kwanza, sababu nitakueleza huko chini. Umeniomba hoja za kummaliza binamu yako na ninazo nyingi tu, shida ni kwamba karibu nusu yake zitakugeukia wewe mwenyewe, maana kwenye hayo mliyobishana kila mmoja wenu kuna alipopatia na kuna alipochemka.

Tuanze na Superman na Thor maana huo ndo mwepesi. Watu wengi wanabisha kama vile kuna jibu limefichwa mahali, eti ukikusanya kila ukurasa ambao Superman kanyanyua kitu kizito, na Thor ukamfanyia hivo hivo, mwisho wa hesabu utapata mshindi. Hakuna kitu kama hicho bana. Nguvu za mhusika wa komiki zinapanda na kushuka kutegemea nani kashika kalamu mwezi huo na hadithi inataka nini. Superman wa 1938 hata kupaa alikuwa hawezi, alikuwa anachupa tu kama mita mia mbili hivi, anatua, anachupa tena, kupaa kulikuja baadaye kwenye miaka ya 40. Sasa ukimleta Superman kwenye ubishi unatakiwa useme ni yupi, wa mwaka gani, kaandikwa na nani, na hapo ubishi wenyewe unakuwa umeshabadilika.

Na hizo mechi mnazogombania zilishachezwa. Hizi kampuni mbili zimekaa meza moja mara kadhaa, ya kwanza kubwa ilikuwa 1976 walipomkutanisha Superman na Spider-Man kwenye kitabu kimoja. Halafu 1996 wakatoa ligi kabisa, mapambano kumi na moja, na matano makubwa kati ya hayo yaliamuliwa kwa kura za mashabiki. Superman akampiga Hulk, Batman akampiga Captain America, Spider-Man akampiga Superboy, Wolverine akampiga Lobo, na Storm, yule ambaye kwenye komiki mama yake ni Mkenya, akampiga Wonder Woman. Hiyo ya mwisho mpaka leo watu wa DC inawauma, maana ndani ya hadithi hiyo hiyo Wonder Woman kaliokota nyundo la Thor akalinyanyua vizuri tu, halafu akaliweka chini kwa sababu aliona kupigana nalo sio haki. Kwa nini Storm alishinda? Kwa sababu miaka ile X-Men, kundi lake Storm, walikuwa wanauza sana mno, komiki yao moja ya 1991 iliuza nakala zaidi ya milioni 8, kwa hiyo kura zikaenda zilikoenda, hakuna aliyekaa kupima radi na misuli. Matokeo ya jumla Marvel sita, DC tano. Hebu iangalie hiyo hesabu uniambie kama haikupangwa ili kila mtu aondoke na chochote kitu.

Superman na Thor wenyewe walikutana kwenye JLA/Avengers, komiki ya pamoja ya kundi la mashujaa wa DC na lile la Marvel, ya 2003 na 2004, iliyoandikwa na Kurt Busiek na kuchorwa na marehemu George Pérez. Superman alishinda kwa tabu. Kwa hiyo binamu yako akisema hachomoi, mwoneshe toleo la pili. Ila ujue na yeye ana pa kushika, maana mwandishi wa kazi ya ushirika kama ile anakuwa na kampuni mbili zinamwangalia, na wala haihitaji utafiti kujua kwamba akimpa huyu ushindi hapa, yule atapewa heshima yake kwingine. Mi mwenyewe nikiulizwa nani anashinda huwa nauliza kwanza, hadithi ni ya nani?

Sasa kwenye wizi. Hapa naomba ukae vizuri.

Ni kweli Thanos, yule mbabe mwovu wa Marvel, anatokana na Darkseid, mbabe mwovu wa DC. Jim Starlin, aliyemuumba Thanos, kasema mwenyewe kwamba mwanzoni alikuwa anamwangalia mhusika mwingine wa DC aliyeumbwa na mchoraji Jack Kirby, anaitwa Metron, yule mwembamba wa kwenye kiti, mhariri wake Roy Thomas akamwambia kama unakopi basi kopi yule bora, mnenepeshe awe kama Darkseid. Darkseid alitokea 1970, Thanos akatokea 1973. Hapo umepatia. Lakini Darkseid kaumbwa na nani? Na huyo huyo Jack Kirby, ambaye 1941 alikuwa kamchora Captain America pamoja na Joe Simon, halafu kuanzia 1961 akiwa na Stan Lee wakatoa Fantastic Four, Hulk, Thor, X-Men na Black Panther, yaani ukimtoa Kirby ile Marvel unayoijua haipo. Alipochoka na mazingira ya Marvel akahamia DC 1970, akaenda na mawazo yake, katikati ya miaka ya 70 akarudi tena Marvel. Sasa kijana wa Marvel akiiga kazi ambayo mzee wa Marvel kaifanyia DC, aliyeibiwa hapo ni nani? Ni kama mchezaji aliyepita Simba akaenda Yanga akarudi tena Simba, halafu nyie jukwaani mnatoana macho kuhusu chenga yake kwamba ni ya klabu gani.

Na huyo Starlin naye hakukaa upande mmoja. 1988 alikuwa DC anaandika Batman, ndo yeye kaandika ile hadithi ya Robin wa pili, msaidizi wa Batman anaitwa Jason Todd, ambapo mashabiki walipewa namba mbili za simu wapige kuamua dogo aishi au afe. Waliotaka afe 5,343, waliotaka aishi 5,271. Tofauti ya kura 72, na simu zenyewe zinalipiwa. Aliyemleta Thanos ndo kaandika kifo cha Robin. Ukishalijua hilo, hii habari ya timu inaanza kuonekana ya ajabu kidogo.

Deadpool na Deathstroke nao ni kweli, wala hawafichi. Deathstroke wa DC katoka 1980 na jina lake ni Slade Wilson, Deadpool katoka 1991 anaitwa Wade Wilson, jina lilikuwa utani wa wazi kabisa. Kilichotokea baadaye ni kwamba waandishi wengine wakamfanya Deadpool mropokaji anayeongea na msomaji moja kwa moja, akawa kitu kingine ambacho Deathstroke hajawahi kuwa wala hatakuwa. Na DC nao wana zao, sitazimaliza zote. Kuna nyingine haieleweki hata nani alimtangulia nani: Man-Thing wa Marvel na Swamp Thing wa DC, wote ni watu wa sayansi waliogeuka madude ya kinamasi, wametoka 1971 wakipishana miezi miwili tu, mmoja kaandikwa na Gerry Conway akisaidiana na Roy Thomas, mwingine na Len Wein, na Conway na Wein walikuwa wanaishi nyumba moja! Sasa hapo utamshitaki nani.

Hili la Captain Marvel ndo litakuuma zaidi. Yule unayemwita Shazam aliitwa Captain Marvel tangu 1940, na hakuwa wa DC. Alikuwa wa kampuni nyingine, Fawcett, na alikuwa anauza sana kiasi kwamba kuna wakati alimpita Superman. DC, ambao wakati huo walijulikana kama National, wakaenda mahakamani wakidai ni kopi ya Superman. Kesi ikavuta zaidi ya miaka kumi, soko la mashujaa nalo likawa limepoa, na 1953 Fawcett wakaona yaishe, wakalipa na kuacha kumchapisha. Jina likabaki bila mtu wa kulitumia. 1967 Marvel wakaliokota wakatengeneza Captain Marvel wao na kulisajili kihalali, na DC walipokuja kukodisha wahusika wa Fawcett 1972 wakakuta jina limeshachukuliwa, hawawezi kuliweka kwenye kava, ndo wakaipa komiki yao jina la neno lile la uchawi, Shazam. Kwa hiyo aliyemtoa Captain Marvel wa kwanza sokoni ni DC yako hiyo hiyo. 2019 muvi zote mbili zikatoka zikifuatana, ya Marvel Machi ya DC Aprili, na watoto kibao walioingia sinema hawakuwa na habari kwamba wanaangalia mabaki ya kesi ya babu zao.

Turudi kwenye muvi. Binamu yako akisema DC hawajawahi kutoa ya maana mwambie apunguze. The Dark Knight ya 2008, muvi ya Batman, ilipita dola bilioni moja na Heath Ledger akapata Oscar kwa kumwigiza Joker, adui wa Batman, Aquaman ya 2018 ilipita bilioni, Joker ya 2019 nayo ikapita bilioni na ikampa Joaquin Phoenix Oscar. Anachokiona yeye, na hapo yuko sahihi, ni kwamba muvi za Marvel zilishikana na za DC hazikushikana. Sababu yake haina uhusiano na ubora wa wahusika, ni mambo ya umiliki na nani kashika usukani.

Marvel walifilisika mwisho wa 1996. Kabla na baada ya hapo wakawa wanauza haki za filamu kwa yeyote mwenye hela, X-Men na Fantastic Four wakaenda studio ya Fox, Spider-Man akaenda Sony. Walichobaki nacho ni kina Iron Man na Thor, watu ambao mtaani hakuna aliyekuwa anawajali kiivyo. 2005 wakachukua mkopo wa dola milioni 525, wakaweka rehani haki za filamu za wahusika wao wenyewe, yaani wakishindwa kulipa wanazipoteza. Ndo ikazaliwa Iron Man ya 2008. Mtu akiwa na mkopo wa namna hiyo hawezi kuacha kila dairekta afanye anavyotaka, kwa hiyo produsa mmoja, Kevin Feige, akawa ndo anayejua kila uzi unaelekea wapi. Disney waliponunua Marvel 2009 kwa kama dola bilioni 4 mashine ilikuwa tayari inazunguka. Na ukijiuliza kwa nini miaka yote ile Avengers hawakuwahi kumtaja hata mutanti mmoja (mtu aliyezaliwa na nguvu za ajabu, kama X-Men) kwa jina hilo, jibu ni mikataba tu. Spider-Man mwenyewe aliingia 2016 baada ya Disney na Sony kukubaliana.

DC kwa upande wao walikuwa na raha ambayo iliwaponza. Wahusika wote wako chini ya kampuni ya filamu ya Warner toka mwisho wa miaka ya 60, hakuna presha, kwa hiyo utamaduni ukawa wa kumpa dairekta mwenye jina muvi yake aifanye kivyake. Ukimpata Christopher Nolan, dairekta wa The Dark Knight, unapata dhahabu. Lakini Marvel walipotoa Avengers 2012 ikavunja kila kitu, Warner wakataka na wao wafike hapo haraka haraka, Man of Steel 2013, Batman na Superman wakagombana 2016, Justice League 2017, na katikati ya hiyo ya mwisho dairekta wake Zack Snyder akajitoa baada ya msiba wa binti yake, akaletwa dairekta mwingine, Joss Whedon, kupiga upya sehemu kubwa, kilichotoka hakikuwa cha huyu wala cha yule. Mashabiki wakapiga kelele miaka mitatu mpaka 2021 ile ya Snyder ya saa nne ikatolewa. Binafsi naona ile ya saa nne ni bora mara nyingi zaidi, ila ni ndefu kupita kiasi na sitabishana na mtu aliyesinzia.

Na usukani huo unahama. Baada ya 2019 Marvel wakazidisha uzalishaji, tamthilia juu ya tamthilia, hadi The Marvels ya 2023 ikaambulia kama dola milioni 206, ya chini kuliko zote walizowahi kutoa mpaka wakati huo. DC nao 2022 wakawapa uongozi James Gunn na Peter Safran. Gunn huyo ndo aliyewatengenezea Marvel Guardians of the Galaxy, na 2023 ya tatu ilitoka akiwa tayari ni bosi wa DC. Julai 2025 Superman wake na Fantastic Four ya Marvel zikatoka mwezi mmoja, Superman ikakusanya zaidi. Hiyo mpe binamu yako, haina madhara.

Hoja yako ya mwisho, kwamba muvi za Marvel hazifuati komiki, ni ya kweli ila sio tusi. Kwenye komiki ya 1991 Thanos anafuta nusu ya viumbe kwa sababu anampenda Kifo, ambaye kule ni mwanamke kabisa, kwenye muvi wakampa sababu ya rasilimali kuisha. Ultron, yule roboti mwovu, kwenye komiki katengenezwa na mwanasayansi Hank Pym, muvi wakamtwisha Tony Stark, yaani Iron Man. Sawa. Lakini na Batman wa 1939 alikuwa anaua watu na bastola alibeba, kwa hiyo anayesema Batman haui ndo msimamo wa komiki ajue komiki zenyewe zilibadilika. Jiwe la kryptonite linalomdhoofisha Superman limetokea redioni 1943 kabla komiki hazijalichukua. Harley Quinn hakuwepo kwenye komiki yoyote, katoka kwenye katuni ya TV ya 1992, akapendwa, ndo akaingizwa. Nick Fury mweusi alichorwa kwa sura ya Samuel L. Jackson 2002, na miaka sita mbele Jackson mwenyewe akaja kumwigiza. Mambo yanakwenda huku yakirudi huku. Kitu ninachokuomba uulize badala ya "imefuata komiki?" ni kama mabadiliko yamesaidia hadithi. Kwa Thanos naona yalisaidia, maana kumweka mwanamke wa mifupa mbele ya watu ambao hawajasoma chochote kungehitaji muvi nyingine nzima. Kwa Ultron sina uhakika kama kulikuwa na faida. Na kumbuka wengi wetu huku tumekutana na hawa watu kwenye TV na muvi za kutafsiriwa kabla ya kushika komiki hata moja, kwa hiyo mtu asikudanganye kwamba shabiki wa kweli ni yule aliyeanza na karatasi.

Sasa binamu. Ubishi wa kwenye grupu una shida moja, kuna watazamaji, na mtu akiwa na watazamaji hawezi kusema "hapo umepatia" hata kama anaona umepatia. Mnalala nyumba moja bwana. Mfuate uso kwa uso, muombe radhi kwa ulichomjibu, chako tu, chake usikidai. Halafu kama mnataka kuendelea endeleeni, ila mbishanie hadithi moja mliyosoma au kuona wote, nani kaiandika na imefanya kazi au haijafanya. Kama amekununia kwa sababu nyingine na Marvel ilikuwa kisingizio tu, hapo komiki haziwezi kuwasaidia, muombe mama yake au mkubwa yeyote hapo nyumbani akae na nyie.

Na laki sita yako. Hiyo komiki unayoambiwa ni Action Comics namba 1, iliuzwa senti 10 za Marekani mwaka 1938 na inakadiriwa zimebaki nakala kama mia moja tu duniani. Aprili 2024 moja iliyo katika hali nzuri iliuzwa dola milioni 6. Hata ile mbovu iliyochanika hakuna mwenye akili timamu atakayeiachia kwa laki sita. Kinachozunguka sana ni matoleo ya marudio, na lililowaliza wengi ni la 1974 ambalo DC wenyewe walilichapa, lina kava gumu la nje lililoandikwa kuwa ni marudio, ila ukilichana hilo kava unabaki na kava la ndani linalofanana na la 1938 kabisa, bei ya senti 10 ikiwemo. Kinachomuumbua ni ukubwa: la 1974 ni kubwa kama jarida la kizamani, urefu unafika inchi 13 na zaidi, la asili lina kama inchi 10 na kitu. Muulize muuzaji vipimo kwa rula na picha ya ukurasa wa kwanza wa ndani, uone atajibu nini. Na siku ukipata kweli komiki ya zamani unayoihisi ina thamani, picha za simu hazitoshi hata kwangu mimi, karatasi inatakiwa ishikwe mkononi, pini ziangaliwe, ukurasa kwa ukurasa, na mtu anayefanya hiyo kazi. Kama unachotaka ni kuisoma tu hadithi yenyewe, tafuta kitabu cha marudio kinachojitangaza kuwa ni marudio, bei yake haifiki hata robo ya hiyo laki sita.